Difyusheni: kusambaa kusiko na mwenezi

Mama mmoja mwenye duka la kuchapa mabango Kariakoo ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, daftari lake la biolojia limejaa difyusheni. Kijana wangu wa kazi ana programu ya kutengeneza picha, nayo anasema ni ya difyusheni. Juzi shemeji yangu wa Bujumbura akanicheka, akasema kwao difyusheni ni kurusha matangazo ya redio. Na bwana shamba aliwahi kuja kwenye kikundi chetu akatueleza difyusheni ya mbegu mpya. Hili ni neno moja au manne? Kiswahili chake hasa ni kipi?"

Marahaba, mama. Nilifundisha fizikia na kemia hapa Dar kwa muda mrefu, na swali lako nimeulizwa vipande vipande na wanafunzi wengi, ila hakuna aliyewahi kuniletea vipande vyote vinne kwa mpigo.

Neno ni moja. Limetoka kwenye Kilatini, diffundere, yaani kumwaga kitu kikaenda huku na huku. Balaa lilianzia hapo hapo. Maji yakimwagika yenyewe na maji yakimwagwa na mtu, Wazungu wamebaki na neno lile lile kwa mambo yote mawili. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Sisi tuna kusambaa na kusambaza, kuenea na kueneza, kutawanyika na kutawanya. Uvumi umeenea, fulani ameeneza uvumi. Sentensi ya kwanza haimpeleki mtu polisi, ya pili inaweza. Kwa hiyo kila unapokutana na difyusheni, jiulize kwanza: kuna mwenezi? Katika siasa zetu Mwenezi ni cheo kabisa, mtu mwenye ofisi na kazi ya kuhakikisha ujumbe unafika. Difyusheni ya kwenye daftari la mwanao haina mtu wa namna hiyo, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Tukae hapo kidogo, maana wengi wanakariri ufafanuzi bila kuuamini. Daftari linasema chembe huenda kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Mtoto mwenye akili atauliza: chembe inajuaje kule ni chache? Haijui. Chukua Mtaa wa Congo saa tano asubuhi, watu 100 wamebanana, na mtaa wa nyuma yake una watu 10. Mwambie kila mmoja arushe shilingi: ikiangukia kichwa avuke mtaa wa pili, ikiangukia mwenge abaki alipo. Hakuna anayetafuta nafasi, hakuna anayemkimbia mwenzake. Kwa wastani 50 watavuka kwenda kule na 5 watavuka kuja huku. Sasa kila mtaa una 55. Ukitazama kutoka ghorofani utaapa kwamba umati umeamua kukimbilia penye nafasi, kumbe walikuwa wakirusha shilingi tu. Rudia tena: watavuka kama 27 au 28 kila upande, na hesabu itabaki pale pale. Watu wanaendelea kupishana, tofauti ndiyo iliyokwisha. Mwanao akiandika kwamba chembe "zinasimama" zikishasawazika, mkosoe mapema.

Mrushaji wa shilingi katika maumbile ni joto. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alichungulia kwa hadubini vipunje vidogo vilivyotoka ndani ya chavua, akaviona vinatetemeka majini bila kuguswa. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba mtetemo ule ni matokeo ya molekuli za maji kuvipiga vipunje kila upande bila mpango. Jean Perrin akaupima maabara, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel. Kanuni yenyewe ya kusambaa ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1855 na Adolf Fick, daktari kijana wa Kijerumani, ambaye aliiga hesabu za jinsi joto linavyopita katika vyuma: kadiri tofauti kati ya huku na kule inavyokuwa kali, ndivyo mtiririko unavyokuwa mkubwa.

Ila kuna jambo moja ambalo shuleni hupitwa haraka, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko ufafanuzi wote. Rudi Kariakoo. Kijana mmoja amepotea, na kila kona anarusha shilingi mara mbili kuchagua mojawapo ya njia nne. Akishapita kona 100 atakuwa umbali gani kutoka alipoanzia? Kwa wastani kama kona 10 tu, kwa sababu muda mwingi anarudi alikotoka. Ili afike kona 20 inabidi apite kona 400. Umbali ukizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Umbali ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia.

Kwa maji yaliyotulia kabisa, chembe ndogo kama ya chumvi huvuka mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), ambao ni kama upana wa seli, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Sentimita moja inaitaka saa kama 14. Sentimita 10, karibu miezi miwili. Mita moja, miaka ipatayo 16. Soma tena tarakimu hizo polepole. Ndiyo maana seli zetu ni ndogo. Ndiyo maana una moyo: mwili mkubwa ukiitegemea difyusheni peke yake kufikisha hewa vidoleni, mwenye mwili huo hafiki hata mwisho wa sala. Moyo unasukuma damu safari ndefu, difyusheni inamalizia kale kasafari ka mwisho kutoka kwenye mshipa mwembamba kuingia kwenye seli. Mapafu nayo yamejengwa kwa hesabu hiyo hiyo: vifuko vya hewa mamilioni kwa mamilioni, na ukuta kati ya hewa na damu ambao ni mwembamba kuliko mikromita moja.

Wachoma mishkaki wanaijua kanuni hii bila kumtaja Fick. Tazama kijana wa mishkaki anavyoandaa nyama jioni. Anakata vipande vidogo, anasaga tangawizi na kitunguu saumu, anakamua ndimu, anatia chumvi na papai bichi, anachanganya, anafunika. Saa chache baadaye chumvi imeshafika katikati ya kila kipande. Chukua paja zima la mbuzi, lipake viungo vile vile, lilaze mpaka asubuhi: juu chumvi tele, ndani hakuna kitu. Ukitaka paja likolee, unalichanja kwa kisu, na kuchanja ni kufupisha umbali. Kipande kikipungua unene kwa nusu, muda wa kukolea unapungua hadi robo. Sukari nayo, ukiiacha chini ya kikombe cha chai iliyopoa bila kukoroga, itahitaji wiki kadhaa kupanda mpaka juu kwa difyusheni tupu. Kijiko ni mwenezi.

Hapa niungame kosa langu. Miaka na miaka nilianza somo hili kwa kufungua chupa ya manukato mbele ya darasa na kuwaambia wanyooshe mkono wanapoanza kusikia harufu. Mstari wa mbele, wa kati, wa nyuma: "Mmeona? Difyusheni!" Siku moja umeme ukakatika, pangaboi likasimama, na binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona leo harufu imechelewa?" Sikuwa na jibu la maana. Jioni nikakaa nikapiga hesabu. Molekuli za hewa zinakwenda kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde, kweli, lakini zinagongana mabilioni ya mara kila sekunde, kwa hiyo safari yao ni ile ya kijana wa shilingi. Kwa difyusheni peke yake, harufu kuvuka mita tatu za hewa iliyotulia kungechukua siku kadhaa. Kilichokuwa kinapeleka manukato nyuma ya darasa ni upepo: pangaboi, dirisha, hata joto la miili ya wanafunzi 60. Mfano huo bado upo kwenye vitabu na madaftari. Mwanao auandike akiulizwa, maana mtihani una majibu yake, lakini ajue ukweli.

Ukitaka aone difyusheni kwa macho, usimpe ua la rozela kwenye glasi ya maji, atakuja kukuonyesha nyuzi nyekundu zinazoshuka upesi. Ule ni uzito, maji yenye rangi ni mazito kidogo kuliko yasiyo nayo, yanazama. Atengeneze jeli isiyo na rangi kwenye glasi, ikishaganda aidondoshee juu yake tone la rangi ya chakula, aiweke mahali pa baridi asiiguse. Jeli haina mikondo, kwa hiyo kinachosogea ni difyusheni halisi. Kila siku apige mstari kwa kalamu pale rangi ilipofikia. Siku ya kwanza mstari utashuka vizuri, ya pili kidogo, ya tano ataanza kuchoka kusubiri. Kuchoka huko ndiko somo.

Matumizi ya kitaalamu ya maana hii ya kwanza ni mengi, nitagusa machache. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine pale Muhimbili anaishi kwa difyusheni. Damu inapita upande mmoja wa utando, maji maalumu upande mwingine, na taka kama yurea zinavuka kutoka penye nyingi. Maji yale hutiririka kinyume na damu na kubadilishwa muda wote ili kule kusijae, na hata hivyo kikao kimoja kwa kawaida kinachukua kama saa nne, mara tatu kwa wiki, kwa sababu kurusha shilingi hakuharakishwi kwa amri. Sola iliyo juu ya bati nayo: kiwandani kipande cha silikoni hupashwa moto mkali katika hewa yenye fosforasi, fosforasi inapenya kwa kina kidogo mno, na hapo ndipo umeme unapopatikana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walichuja urani ya kutengenezea bomu la atomu kwa njia hii, wakipitisha gesi yake kwenye kuta zenye vitundu vidogo kwa kuwa aina yake iliyo nyepesi, ile waliyoitaka, hupita kwa kasi zaidi kidogo. Tofauti ya kasi haifiki hata nusu ya asilimia moja, ikabidi gesi ichujwe tena na tena katika ngazi maelfu.

Sasa shemeji yako. Hajakosea hata kidogo. Kwa Kifaransa, diffusion ni kurusha hewani, na radiodiffusion ni utangazaji wa redio. Kuna studio, kuna mnara, kuna mtangazaji. Hiyo ni kusambaza, na mwenezi anaonekana. Ukimsikia Mrundi au Mkongo akitumia neno hilo, jua kwamba mawimbi ya redio hayakusambaa kwa kubahatisha, yalitumwa.

Bwana shamba yuko katikati ya hao wawili, na hapo ndipo mjadala hunoga. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti wa jinsi wakulima wa Iowa walivyoipokea mbegu chotara ya mahindi. Waligundua kwamba muuza mbegu ndiye aliyemfanya mkulima asikie habari, lakini jirani ndiye aliyemfanya aamini. Mwaka 1962 Everett Rogers akakusanya tafiti za namna hiyo akawagawa wapokeaji katika makundi: asilimia 2.5 wanaojaribu kwanza, 13.5 wanaofuata mapema, 34 na 34 wa kati, na 16 wanaokuja mwisho kabisa. Usizichukue asilimia hizo kama sensa. Rogers alichukua tu ule mchoro wa takwimu wenye umbo la kengele, akaukata kwa hatua sawa kutoka kwenye wastani. Tena Rogers mwenyewe aliamua neno difyusheni libebe yote mawili, kuenea kwenyewe na kuenezwa kwa mpango.

Wewe uliyeko Kariakoo umeyaona haya. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008. Vibanda vilipakwa rangi, mawakala wakafundishwa, matangazo yakapigwa: hiyo ni -aza, kusambaza. Lakini mama yako kijijini hakufungua akaunti kwa sababu ya bango. Alifungua kwa sababu jirani alipokea hela ya mwanawe dukani pale pale, akaona kwa macho yake. Hiyo ni -aa, kusambaa. Na tofauti yake na chumvi ndani ya nyama ni kubwa: chumvi ikienda kule huku inapungua, habari haipungui kwa mwenye kuitoa. Hesabu yake inafanana zaidi na ya ugonjwa wa kuambukiza, na kama ningeulizwa ningeliita jambo hili uambukizaji wa mambo mema. Sikuulizwa.

Wanaanthropolojia nao huliita difyusheni jambo la mila na vitu kuhama kutoka kwa watu hawa kwenda kwa wale. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika. Meza na leso tumezipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Kiswahili chenyewe kilipanda na misafara kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, kisha serikali zikakichukua na kukieneza kwa makusudi, kwa hiyo kilianza kwa kusambaa kikaishia kusambazwa.

Katika saikolojia utasikia difyusheni ya wajibu. John Darley na Bibb Latané, mwaka 1968, walimfanya mtu asikie kwenye vipokea sauti vya masikioni mwenzake akipatwa na kifafa, kumbe ni maigizo. Waliodhani wako peke yao, asilimia 85 walitoka kwenda kutoa taarifa kabla kilio hakijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Mtaro wa mtaani kwako umeziba miezi mitatu, nyumba ishirini zinanusa, na hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti. Kiswahili kina neno lake tayari, kutegeana, na ni zuri kuliko lile la kukopa.

Wapiga picha za harusi huweka kitambaa cheupe mbele ya taa ili mwanga utawanyike na vivuli vya uso vilainike. Hiyo pia wanaiita difyusheni. Na wanaotunga siri za kompyuta, tangu Claude Shannon alipoandika mwaka 1949, hutaka badiliko la herufi moja ya ujumbe liguse ujumbe mzima uliofichwa, asije mtu akaokota kipande akabuni kilichobaki.

Nimeiacha programu ya kijana wako mwisho kwa sababu inakuhusu mfukoni. Unaikumbuka televisheni ya zamani antena ikipeperuka, ile chenga? Chukua picha ya embe, itie chenga kidogo. Ongeza. Ongeza tena, hata mara elfu, mpaka embe limepotea na imebaki chenga tupu. Hiyo ndiyo difyusheni: kila nukta ya picha imerushiwa shilingi yake mpaka mpangilio wote ukayeyuka, kama tone la rangi lililopotea majini. Programu hufunzwa kwa picha nyingi mno kubashiri, katika kila hatua, ni chenga gani iliyoongezwa, ili iiondoe. Ikishajua, unaipa chenga tupu isiyotoka kwenye picha yoyote, unaiandikia "embe juu ya mkeka", nayo inarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka embe linatokea. Wazo hili lilitolewa mwaka 2015 na Jascha Sohl-Dickstein na wenzake, waliolichota waziwazi kwenye fizikia ya joto; mwaka 2020 Jonathan Ho na wenzake wa Berkeley wakaonyesha linatoa picha nzuri; mwaka 2022 Stable Diffusion ikatolewa kwa umma.

Tone la rangi majini halirudi. Programu nayo hairudishi embe lililokuwepo, inabuni embe ambalo lingeweza kuwepo. Ndiyo sababu inakuletea vidole sita, na ndiyo sababu maneno kwenye bango hutoka KARIBNUI badala ya KARIBUNI: kwa programu nyingi za aina hii, hasa za mwanzo, herufi ni maumbo tu, hazina tahajia. Mwambie kijana picha aitoe huko, maandishi ayapange kwa mkono kwenye programu ya kawaida, na ayasome kwa sauti kabla ya kuchapa.

Kuhusu Kiswahili chake, mimi hutumia msambao kwa chembe, na sikatai difyusheni kwenye darasa la sayansi kwa kuwa mtoto atakutana nayo kwenye karatasi ya mtihani, ambayo sekondari huandikwa kwa Kiingereza. Kwa redio, utangazaji au urushaji. Kwa mbegu na simu, kuenea au uenezaji, kutegemea kama unamtazama mkulima au bwana shamba. Kwa mwanga, mtawanyiko. Kwa wajibu, kutegeana. Na kwa programu ya picha, kijana wako akishaanza kusema "ile ya chenga", wateja watamwelewa bila kumtafsiria.

Rangi ya kwenye jeli muianze Ijumaa jioni. Kufikia Jumapili mtakuwa na mistari miwili ya kulinganisha.